Mto unaounywa

Amani, Muheza
Septemba

Shoga yangu Mwanahawa,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Sisi ni wazima, baridi tu ndiyo inayotutesa. Nguo nilizofua Jumamosi bado zina unyevu kambani. Mavyaa anakusalimu sana, na anauliza kama yule kitinda mimba wako ameshaanza shule.

Ujumbe wako nimeupata. Unataka kuja na watoto mwezi wa Desemba mwone maporomoko, na unaniuliza ni wakati gani mito ya huku inapendeza. Nilicheka kidogo, unisamehe. Huo mto unaotaka kuupandia basi, mbona unaunywa kila siku? Maji ya bomba lenu huko Tanga mjini, Barabara ya Kumi na Mbili, yanatoka bwawa la Mabayani, na Mabayani ni mto Sigi, wengine huuita Zigi, uliozuiwa mwaka 1978. Kijito cha Dodwe kinachopita huku kwetu kinashuka kuingia Sigi. Kwa hiyo haya ninayochotea mimi asubuhi, mengine yatakufikia wewe jikoni, yakiwa yametiwa dawa.

Sasa majira. Masika usije, hata kama umepewa nauli. Tangu Machi inaishia mpaka Mei mvua inapiga usiku kucha, na ukisimama mbali mto Kwamkuyu, wenye maporomoko, unavuma kama lori linalopanda kilima lisifike. Njia ni utelezi mtupu. Bodaboda wanafunga minyororo kwenye tairi la nyuma, na basi likinasa abiria wanateremka kusukuma, viatu mkononi. Maji yote ni mekundu. Ndiyo siku zile na nyinyi mnapopiga kelele kwamba bomba linatoa tope.

Kipupwe, Juni mpaka Agosti, ni wakati wa ukungu. Mvua kubwa hamna, lakini mto haupungui sana, na mgeni hushangaa maji yanatoka wapi. Yanatoka hewani, shoga. Ukungu unagusa majani na kuvumwani zilizofunika magome, unageuka matone, matone yanadondoka chini siku nzima. Simama chini ya mti mkubwa saa nne asubuhi bila mvua yoyote, utaloa mabega. Chini kuna majani makavu yaliyolundikana tangu enzi, maji yanazama humo polepole na kutokea bondeni baada ya siku nyingi, yamechujwa, baridi ya kuuma meno. Hapa Amani mvua ya mwaka inakaribia milimita 2,000 na hakuna mwezi unaopita mkavu kabisa. Nyinyi huko chini mnaita mawingu, sisi tunaishi ndani yake.

Mimi ninapenda kiangazi, Januari na Februari. Ukipanda na basi wakati huo, miti ya mitiki ya shamba la Longuza imepukutika yote, majani yake makubwa yanavunjika chini ya miguu, unadhani nchi nzima imekauka. Halafu unaanza kupanda mlima, na kila kona ni kijani. Mto umeteremka, mawe yametokeza migongo, kaa wanakimbilia chini ya mizizi. Na kwenye mawe yenye kivuli, pale maji yanaporuka kidogo tu, ndipo unapoona dughulushi, kale kaua ka zambarau chenye majani ya manyoya. Mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa Wajerumani, Walter von Saint Paul, alikapeleka kwao mwaka 1892, na leo wazungu wanakapanda kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Kwetu kanataka jiwe bichi na kivuli, basi. Kata mti mmoja uliokuwa umelifunika lile jiwe, jua lipige, msimu wa pili hukaoni tena.

Vuli inaanza Oktoba. Maji ya kwanza yanakuja na majani yaliyooza na mapovu, vyura wanashindana usiku mpaka mtu anashindwa kulala. Mkija Desemba vuli itakuwa inakatika: mito imejaa lakini njia inapitika. Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, Desemba inafaa.

Ila sitaki watoto waje wapige picha warudi. Mkifika geti la Zigi mtaona nyumba ya zamani ya Kijerumani, siku hizi ndiyo ofisi ya kupokea wageni wa hifadhi. Hiyo ilikuwa nyumba ya mkuu wa stesheni. Mwanao mkubwa, ninavyomjua, atauliza treni iko wapi. Mwambie ilikuwapo. Ilitoka Tengeni, karibu na Muheza, ikapanda kama kilomita 23 hivi mpaka Sigi, reli nyembamba ya sentimita 75, na ilijengwa kati ya 1904 na 1910. Mwenye reli alikuwa kampuni ya mbao. Tayari kulikuwa na taasisi ya utafiti hapa Amani tangu 1902, na wataalamu wake walifaidi usafiri, lakini mabehewa yaliletwa kwa ajili ya magogo. Bonde la mto ndilo lililowaonyesha njia ya kupitisha reli. Ukiniuliza mimi, nusu ya njia nzuri za kutembelea msitu huu zilichorwa na watu waliokuja kuukata.

Na wenzetu wa milima ya Usambara Magharibi (sisi ni Usambara Mashariki) waliona makubwa kuliko haya. Kule Shume kampuni ya Wilkins & Wiese ilitundika waya wa chuma juu kwa juu, karibu kilomita 9, kutoka msituni mpaka stesheni ya Mkumbara bondeni. Miti ya mwangati, ile yenye harufu nzuri, ilining'inizwa ikapita juu ya makorongo ambayo mtu kwa miguu angeyahangaikia kutwa nzima.

Baba mkwe hakuyaona hayo, alizaliwa baadaye, lakini kupasua mbao alipasua. Msumeno wake wa watu wawili uko mpaka leo, ametundika ukutani jikoni kwa mavyaa, umeota kutu katikati lakini mishikio inang'aa. Jana nilimwuliza kwa ajili yako. Akaniambia walikuwa wanachimba shimo kwenye mteremko, wanaviringisha gogo juu ya jukwaa, kisha wanapiga mstari kwa uzi uliopakwa unga mweusi wa betri kuukuu. Mmoja anasimama juu, mwingine shimoni. Wa juu ndiye anayeongoza mstari, wa chini ndiye anayekula unga wa mbao. Yeye alikuwa wa chini, alijifunga kitambaa mpaka puani na bado alikohoa usiku. Mbao zikishapasuliwa, vijana walizibeba kichwani mpaka barabarani. "Mti mmoja ulitushughulisha wiki," akasema, "na ukianguka hauangushi wenzake wengi."

Halafu akanyamaza, akaanza kusema habari za matrekta.

Hayo yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Kiwanda cha mbao cha Tanga kilipata mashine kwa msaada wa Finland, na Usambara Mashariki ikaanza kuvunwa kwa nguvu za dizeli. Trekta halichagui njia kama mtu. Linachonga barabara yake kwenye mteremko mkali, linalifunga gogo kwa mnyororo na kuliburura, na lile gogo linakwangua majani yote yaliyolala chini, linabaki udongo mwekundu uchi. Masika yakija maji hayana pa kuzama, yanafuata ile barabara.

Nyuma ya shamba letu kuna kijito ambacho wanangu wanakiita kijito, na mimi nilikiita hivyo hivyo tangu niolewe huku. Baba mkwe ndiye aliyenitoa tongotongo. Alinipeleka akanionyesha: kijito cha kweli kinapinda, mawe yake yamelainika, kando kuna mizizi iliyokishikilia. Hiki kimenyooka, chini ni udongo mtupu, kuta zimekatika wima kupita kimo changu, na kiangazi hakina hata tone. Ni barabara ya trekta. Kila masika inakula kidogo zaidi, na udongo wake hauna pengine pa kwenda ila Dodwe, Sigi, Mabayani. Mkichota maji mekundu, mjue mengine ni ya miaka arobaini iliyopita.

Kitu kingine utakachokiona bila kuambiwa ni mti wa musizi. Mrefu, mwembamba, wenye haraka ya kukua. Si wa hapa, Wajerumani waliupanda Amani. Ungetulia mahali pake kama msitu ungebaki umefunga, lakini miti mikubwa ilipoangushwa jua likapenya, na hondohondo wanapenda mno matunda yake. Wanakula huku, wanadondosha mbegu kule. Ukisikia mabawa yanavuma juu kama vile kuna upepo na hakuna upepo, ni wao, wapandaji miti wasiolipwa mshahara.

Ukataji wa mashine ulisimama katikati ya miaka ya 1980, baada ya wataalamu na watu wengine kupiga kelele. Na hapa pana jambo linalonifurahisha na kuniudhi kwa pamoja: mwaka 1991 Finland ilirudi, safari hii kulipia mradi wa kulinda misitu ya vyanzo vya maji. Mlipaji trekta na mlipaji mipaka ni mmoja. Siwalaumu, kurudi ni afadhali kuliko kutorudi. Mwaka 1997 Amani ikatangazwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza Tanzania, hekta 8,380.

Usidhani mambo yakaishia hapo. Mwaka 2003 na 2004 watu walimiminika Sakale, kijiji cha huku milimani, kuchimba dhahabu mitoni, wakageuza kingo zote juu chini. Na hiliki, hii tunayoitia kwenye chai na pilau, nayo inataka kivuli: mkulima anafyeka miti midogo anaacha mikubwa, kwa mbali unaona msitu, ndani hakuna mrithi. Wakulima wa hiliki wa msitu wa Derema walitolewa humo wakalipwa fidia, na manung'uniko ya fidia hiyo utayasikia kwenye kila kibaraza.

Hapo ndipo mimi na wewe tutagombana, nakwambia mapema. Uliniandikia mwaka jana kwamba "watu wa milimani wanaharibu maji yetu". Nani alikula mbao? Zilikwenda mjini, zikapanda meli bandarini Tanga. Baba mkwe alibaki na msumeno na kikohozi. Leo mwenye shamba kando ya Sigi anaambiwa asilime mita 60 kutoka ukingoni, apande miti, asilishe ng'ombe hapo, na ni sawa, nakubali. Lakini ile ardhi ndiyo chakula cha watoto wake. Kuna chama cha wakulima wa mabonde ya mito Kihuhwi na Zigi, wanaita UWAMAKIZI, wanaojitahidi kuhifadhi huku wakitafuta kipato kingine, na mamlaka ya maji ya Tanga inajua umuhimu wao. Mwaka 2024 mamlaka hiyo iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wananchi na makampuni, ya shilingi bilioni 53 na ushee kupanua huduma ya maji, na watu walinunua. Vizuri. Mimi ningetaka sehemu ya kila bili yako ipande mlimani kila mwezi kwa utaratibu unaojulikana, siyo kwa mradi unaokuja na magari meupe na kuondoka nayo. Mumeo ni mtu wa mahesabu, mwulize kama shilingi chache kwa kila uniti zitawaua.

Basi nisikuchoshe. Basi la Amani linatoka Muheza mchana, kwa hiyo mtoke Tanga asubuhi msikimbizane. Watoto wavae viatu vinavyofungwa. Ndala zitabaki kwenye tope au zitakwenda na maji. Sweta kila mtu, usiniletee ujanja wa Kitanga wa kuja na khanga moja. Kwamkuyu wasiogelee chini ya maporomoko, mawe yana utelezi na mwaka huu maji yamechimba. Tutakwenda na baba mkwe, anatembea polepole lakini anajua kila gogo lililoachwa kuoza na sababu ya kuachwa.

Niletee nazi, na ng'onda kama utapata wazuri. Dagaa huku wanafika wamekwisha nguvu. Hiliki nimekuwekea. Na unijibu mapema kuhusu vyumba, maana Desemba wageni wanaokuja kutazama ndege na vipepeo wanajaa, nami nataka nimwone mwenye nyumba ya wageni kabla hajakubali wengine. Mkiwa zaidi ya watano, wavulana watalala kwetu na wanangu.

Wako akupendaye,
Zaituni