Mwanangu wa Maisara, ahsante

Mwanangu uliyenikuta kiwanja cha Maisara, hapa Unguja, asubuhi ile, nimekaa chini nahema: Mungu akulipe kheri. Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, dawa za saratani zimeninyong'onyeza, na nyumbani kila mtu akinambia, "Lala, bibi, pumzika." Hukuniuliza naumwa nini. Uliinama ukanifunga kamba ya raba, ukanishika mkono. Tukenda nguzo mbili za taa, tukapumzika, tukenda tena.

Sasa, kwa ruhusa ya daktari, natembea nusu saa, siku tano kwa wiki. Ndizo dakika 150 wanazozishauri Shirika la Afya Duniani, hata kwetu tuliougua saratani. Uchovu umepungua, wallahi.

Jina lako sikukuuliza, na linaniuma. Nipo palepale kila baada ya sala ya alfajiri.