Matokeo ya utafiti wa chanjo yarudishwe kwa wazazi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie chanjo ya kuwakinga wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Wiki iliyopita binti wa jirani yangu hapa Mbagala alirudi kutoka shuleni na karatasi ya taarifa ya chanjo, na mama yake, aliyekuwa akichambua dagaa uani, akaikunja mara nne na kuisukuma chini ya ungo, akisema kwamba sindano hiyo inaua kizazi, jambo ambalo si kweli.

Simlaumu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumweleza kwamba uamuzi wa kutoa dozi moja badala ya mbili, ambao nchi yetu iliufuata mwaka 2024 kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, uliungwa mkono na utafiti uliofanyika Mwanza, ambako wasichana 930 walichanjwa na kingamwili zao, yaani kinga ambayo mwili hujitengenezea, kupimwa kwa miaka kadhaa. Watoto wetu ndio waliotoa damu yao. Matokeo yakachapishwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mama huyu hatayaona kamwe.

Nawaomba watafiti na Wizara ya Afya waandike matokeo hayo kwa Kiswahili chepesi, na wauguzi wayasome katika vikao vya wazazi, wakieleza pia, bila kuona haya, kwamba virusi vinavyosababisha saratani hiyo huenea kwa kujamiiana na ndiyo maana chanjo hutolewa mapema. Maswali ya uzazi yajibiwe hapo hapo, kabla karatasi haijatumwa nyumbani.

Mzazi,
Mbagala, Dar es Salaam