Kwa nini hatumfanyishi mwanao mazoezi mara mbili kwa siku

Mashindano yakikaribia, wazazi wa hapa Sinza, Dar es Salaam, wenye vijana kwenye klabu yetu ya mchezo wa kupigana hutuuliza: mbona klabu nyingine vijana wanakimbia Coco Beach alfajiri na jioni wananyanyua vyuma, ninyi mnawapa siku nne tu kwa wiki? Sababu ni homoni, yaani kemikali zinazobeba amri mwilini.

Wapo wanaoogopa kwamba vyuma hudumaza mtoto. Vyenyewe havidumazi, mwalimu akisimamia. Kwa mtoto ambaye hajabalehe, testosteroni, homoni inayokuza misuli, bado ni ndogo, hivyo misuli haitanuki sana. Nguvu anayoongeza hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuitumia misuli aliyonayo. Kinachoweza kudumaza ni steroidi, dawa za kutanua misuli, maana hufunga mapema sehemu za mfupa zinazorefuka. Mwanao akiletewa kopo au vidonge vya "kutanua kifua", tuonyeshe kabla hajagusa.

Kwa aliyebalehe, zoezi zito hupandisha testosteroni na homoni ya ukuaji kwa muda mfupi, kisha zinashuka. Kotisoli, homoni ya msongo, nayo hupanda. Hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, kazi yake kuutafutia mwili sukari ya haraka, hata kwa kuvunja protini ya misuli. Akila na kulala, inatulia. Akirudishwa mazoezini kabla ya hapo, tena na tena kwa wiki kadhaa, mwili unashindwa kujijenga: kasi inapotea, mafua hayaishi, kijana mpole anakuwa na hasira. Mwalimu asiyejua humwita mvivu na kumwongezea pushapu!

Sasa tuambiane ukweli, mtoto wa Dar anapata usingizi kiasi gani? Saa kumi na moja alfajiri yuko barabarani anasubiri gari la shule, jioni foleni, usiku homuweki. Wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi katika usingizi mzito, hasa mwanzoni mwa usiku. Mbio za alfajiri zinazidi kupunguza saa hizo.

Baya zaidi ni kukata kilo. Kijana anashinda na njaa, anakimbia na sweta mbili kwenye joto hili ili apigane uzito wa chini. Nishati ikipungua mno, ubongo hupunguza amri unazozituma kwenye korodani au ovari. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu huu wa nishati kwa wanamichezo, wa kike na wa kiume. Msichana huona hedhi ikiyumba au kukatika, na estrojeni, homoni ya kike, ikishuka mifupa hudhoofika. Kuna wanaomwambia hiyo ni dalili kwamba ameiva kimazoezi. Upuuzi mtupu. Hedhi ikikosekana miezi mitatu, au akifika miaka 15 bila kuanza, mpelekeni hospitali. Wavulana hawana alama ya wazi hivyo, kwa hiyo kwao tatizo hujificha muda mrefu zaidi.

Kwetu aliye chini ya miaka 18 anapigana kwa uzito alionao. Wiki ya mtihani tunabakiza mbinu tu, vyuma vinapumzika. Aje amekula, hata mihogo na maharage yanatosha, na wasichana wana mwalimu wa kike wa kuzungumza naye faragha. Mzazi anayetaka kubadili siku za mwanawe apite mapokezi jioni kabla darasa halijaanza.