Wauzaji wa laptopu watuonyeshe setingi kabla hatujatoka dukani

Kwa Mhariri,

Mimi ni mama naendesha saiba ndogo huku Umoja, mashine sita, printa moja na benchi ya watu kungojea, na karibu kila siku naletewa laptopu na malalamishi ni yale yale, imekuwa slo, haikai na chaji, inamaliza bando, na mwenyewe tayari ameshaamua ataiuza atafute ingine. Naandika juu nimechoka kuona watu wakipoteza pesa na kazi zao kwa vitu ambavyo muuzaji angewaonyesha kwa dakika kumi na tano tu siku ile walinunua.

Kilichonifanya nishike kalamu ni msichana wa jirani yangu, yuko chuo mwaka wa mwisho. Mamake alipata zamu yake ya chama akaenda naye tao wakanunua laptopu ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza ikaletwa huku, safi kabisa kwa macho. Kijana wa dukani akaiwasha, akawawekea kila kitu, akawaambia iko sawa nendeni. Kumbe pale Windows iliitisha akaunti yeye aliweka imeili yake mwenyewe ndio amalize haraka. Miezi saba ikapita vizuri. Halafu ikaanza kusumbua kuwaka, fundi mmoja akaingia kwa BIOS, zile setingi za ndani za mashine zinazofunguka kabla Windows haijawaka, akagusa kitu fulani, na ilipowaka tena ikaleta ukurasa wa bluu inaitisha nambari yenye tarakimu 48. Akanijia mbio. "Anti, hii kitu inaniitisha nambari na mimi sijawahi weka nambari yoyote."

Na kweli hakuwahi. Hizi Windows za siku hizi ukiingia na akaunti ya Microsoft, laptopu nyingi zinafunga diski zenyewe bila kukuuliza, kila kilichoko ndani kinageuzwa fumbo, hivyo mwizi akiiba laptopu akatoa diski akaiweka kwa mashine ingine hasomi kitu. Hiyo kinga inaitwa BitLocker, na kwa jiji kama letu mimi naipenda, shida ni kwamba ufunguo wake unahifadhiwa kwa ile akaunti iliyotumika kuanzisha mashine. Ufunguo wa huyu mtoto ulikuwa kwa imeili ya muuzaji. Tulipiga simu ya kwa risiti haishikwi, mamake akaenda mpaka dukani akakuta wamehama na anayeuza pale sasa ni viatu. Sura nne za mradi wake wa chuo zilikuwa kwa hiyo diski na hazikuwa mahali pengine popote. Hakuna fundi wa kufungua hiyo kitu, asikudanganye mtu, ukikosa ufunguo ni kufomati, yaani kufuta kila kitu uanze upya. Tulifomati. Alilia kwa ile benchi yangu mpaka wateja wakanyamaza.

Kwa hivyo naomba kila mwenye laptopu anayesoma gazeti hili afungue Settings leo, aende Accounts, aangalie imeili iliyoandikwa pale ni ya nani. Kama si yako, nakili kazi zako kwa flashi kwanza, kisha weka akaunti yako na utoe ile ya mtu. Baadaye ingia account.microsoft.com kwa simu, tafuta laptopu yako kwa orodha ya vifaa, uone kama ufunguo umehifadhiwa hapo, uziandike hizo tarakimu 48 kwa kitabu cha nyumbani. Usiziandike kwa faili ndani ya laptopu hiyo hiyo, nimeona watu wakifanya hivyo. Na kazi ya maana iweke mahali pawili, akaunti ya Google inakupa GB 15 bure, ukiandika maneno tu bila video hiyo ni nafasi ya miaka.

Tukija kwa betri, hapa ndio watu wanaliwa zaidi. Laptopu nyingi za ex-UK zinazouzwa tao ni EliteBook za HP, Latitude za Dell na ThinkPad za Lenovo, mashine ngumu nzuri za ofisi ambazo zimetumika ng'ambo miaka kadhaa, nyingi zao zikiwa zimechomekwa kwa stima mchana kutwa. Bodi inaweza kuwa nzima kabisa na betri imezeeka. Muuzaji atakuonyesha asilimia 100 pale chini na wewe utafurahi, lakini hiyo 100 ni ya kile betri inaweza kubeba sasa, si ya kile ilitoka nacho kiwandani. Ukitaka ukweli andika cmd kwa sehemu ya kutafuta, ikifunguka ile dirisha nyeusi chapa powercfg /batteryreport ubonyeze Enter. Itakuandikia imeweka ripoti wapi, kawaida ni kwa folda ya jina lako ndani ya Users, ifungue. Kuna mistari miwili ya kuangalia, Design Capacity ndio uwezo wa kiwandani na Full Charge Capacity ndio uwezo wa sasa. Juzi kijana alileta yake ya kwanza ikisema 48,000 na ya pili 21,000, yaani hata nusu haijabaki, na alikuwa ameambiwa betri ni kama mpya. Hii hesabu unaweza kuifanya ukiwa bado umesimama dukani pesa iko mfukoni. Muuzaji akikataa uichape hiyo amri, mimi ningetoka.

Halafu kuna hizi imani tunarithishana. Ati laptopu mpya uichaji masaa nane kwanza kabla hujaiwasha, ati betri lazima iishe mpaka izime ndio uchaji. Hayo yalikuwa ya betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Za sasa ni za lithiamu na kinachozimaliza ni kukaa zimejaa pomoni muda mrefu, hasa kukiwa na joto, na pia kuishiwa kabisa mara kwa mara. Ndio maana kampuni zenyewe zimeweka setingi ya kuzuia chaji isipite karibu asilimia 80, kwa ASUS iko ndani ya programu ya MyASUS, kwa Lenovo iko kwa Lenovo Vantage, kwa HP na Dell nyingi za ofisi iko ndani ya BIOS, unaingia ukibonyeza F10 kwa HP au F2 kwa Dell wakati inawaka. Nenda kwa sehemu ya betri peke yake, kwingine usiguse, umeshasikia yaliyompata yule msichana. Mimi nimewawekea wateja wengi wa kazi za ofisi wanaokaa kwa meza siku nzima. Lakini wewe unayeishi kama sisi huku ambako stima inaweza kupotea saa moja jioni irudi asubuhi, ukijua kesho una mtihani au intavyuu ya mtandaoni, itoe hiyo setingi ujaze mpaka 100, betri ni ya kukutumikia.

Ukiona tachipadi imeinuka au sehemu ya chini imefura, ni betri imevimba, zima, usiendelee kuchaji na usijaribu kuidunga wala kuikanyaga irudi, hiyo betri inaweza kushika moto. Na chaja, jamani. Soma maandishi madogo ya chaja ya zamani, volti na wati, kama ilikuwa 19.5V na 65W tafuta inayolingana, si ile tu inaingia kwa shimo. Niliuziwa moja ya bei poa kwa njia ya kwenda steji, ilinuka kuungua siku ya tatu na nikashukuru Mungu nilikuwa karibu.

Sasa bando. Wengi wetu hatuna waifai ya nyumbani, tunawasha hotspoti ya simu. Wewe umenunua bando la siku nzima utume barua mbili za kazi, unaunganisha laptopu, baada ya nusu saa Safaricom au Airtel wanakutumia meseji bando limeisha, na unaanza kulaumu mtandao ati wanakuibia. Nimesikia haya malalamishi hapa kwangu mara nyingi sana na karibu kila mara nikiangalia nakuta ni laptopu yenyewe. Windows ikiona waifai haijui hiyo ni simu yako yenye bando la shilingi hamsini, inadhani uko kwa ofisi yenye intaneti isiyoisha, basi inaanza kuvuta apdeti, inaapdeti programu za Store, inapandisha picha zako kwa OneDrive, ile hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni, yote kimya kimya huko nyuma wakati wewe unaona ukurasa wa imeili tu. Dawa ni setingi moja. Ukiwa umeunganishwa na hotspoti yako nenda Settings, Network & internet, Wi-Fi, ufungue jina la hiyo hotspoti, kuna kitufe kimeandikwa Metered connection, kiwashe. Hapo umeiambia hii intaneti inapimwa, na itaacha kuvuta mizigo mingi mikubwa. Inakumbuka jina la hotspoti, hivyo unafanya mara moja tu, ukibadilisha simu au jina ndio unarudia. Pia hapo karibu kuna Data usage inakuonyesha ni programu gani ilikula kiasi gani, mama mmoja wa duka la nguo alikuta ni mchezo wa mtoto wake.

Lakini naomba msisome hiyo mkafunga apdeti milele, hilo ni kosa lingine baya. Apdeti nyingi zinaziba mashimo ya usalama na sisi tunaingia eCitizen na benki na KRA kwa hizi mashine. Ukipata waifai ya chuo, ya ofisi, au hata ukija saiba, ipe laptopu yako saa moja iapdeti ikiwa kwa stima.

Mambo ya joto nitayapita haraka. Usiiweke laptopu kwa kitanda wala mto, matundu ya hewa mengi yako chini na blanketi linayaziba, feni inapiga kelele na mashine yenyewe inapunguza spidi ndio isiungue, halafu unasema imekuwa slo. Sisi wa barabara za vumbi, peleka isafishwe ndani angalau mara moja kwa mwaka. Na kama bado ina diski ya zamani ile inazunguka, kuibadilisha uweke SSD, diski ya kisasa isiyozunguka na yenye spidi, ndio pesa bora utawahi tumia kwake, kuliko hizo programu za kusafisha kompyuta unaona zikijitangaza.

Kuna jambo lingine linaumiza watu saa hii. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa apdeti za kawaida za bure za Windows 10, na Windows 11 inataka prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kwa zile za Intel kuanzia kizazi cha nane na kifaa cha usalama kinaitwa TPM 2.0. Sasa wauzaji wengine wamejaza rafu na mashine za kizazi cha sita na cha saba, wamelazimisha Windows 11 iingie, na mnunuzi hajui. Kujua si ngumu, tazama nambari ya prosesa, i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8250U ni cha nane, ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari, ila nambari ikianza na 1 soma mbili za kwanza, hiyo ni kizazi cha kumi kwenda juu. Kwa EliteBook 840, G3 ni kizazi cha sita na G5 nyingi ni cha nane, bado tazama nambari. Sisemi usinunue G3, kama pesa yako inafika hapo nunua, ila ulipe bei ya G3 na ujue unanunua nini. Mwenye nayo tayari pia asikimbie kuitupa. Microsoft iliweka mpango wa kujiandikisha upate apdeti za usalama mpaka Oktoba 2026, na pia kuna Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kama Ubuntu au Mint, ni bure na kwa mtu wa kuandika, kusoma na intaneti inatosha kabisa. Mashine mbili hapa kwa saiba yangu zinatumia Mint na wateja wanachapa barua zao bila kuuliza.

Ombi langu kwa wauzaji wa Luthuli, Moi Avenue na kwingine, kabla mteja hajaondoka mketi naye. Aweke imeili yake kwa mkono wake mwenyewe, mchape ile ripoti ya betri pamoja, mumwonyeshe prosesa ni kizazi gani, na hayo yote myaandike kwa risiti. Wengine wenu mnafanya na nawajua, wateja wenu hawaji kwangu wakilia. Na wewe Mhariri, gazeti lako linasomwa na mama mboga na wazee ambao watoto wao wako chuo, hizi habari za setingi kila mahali zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu. Tupatie hata robo ya ukurasa kwa wiki, kitu kimoja kimoja, kwa Kiswahili hiki hiki tunaongea.

Mimi nimebandika karatasi mlangoni, Jumamosi kuanzia saa nane mchana mtu yeyote aje na laptopu yake tuiangalie pamoja bila malipo. Yule msichana ndiye ananisaidia na foleni. Chuo kilimwongezea muda, ameandika tena mpaka sura ya pili, na kila jioni akimaliza anajitumia kwa imeili kabla hajafunga.

Mama wa saiba,
Umoja, Nairobi