Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Askari naye apewe meza ya mazungumzo

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa mke wa koplo wa polisi hapa Dar es Salaam, kwa kuwa yeye mwenyewe haruhusiwi kulalamika hadharani na ngazi zote za ndani amekwisha kuzipanda.

Amehamishiwa mkoa mwingine. Amri ya kuripoti haikuchelewa. Posho ya uhamisho, tunaambiwa, iko kwenye mchakato. Vitanda vimefunguliwa, makochi yamefungwa kamba koridoni, anayehamia kota yetu ameshafika na vyombo vyake, na lori tumelikodi kwa mkopo wa kausha damu, ambao riba yake haisubiri mchakato wa mtu. Barazani tuliahidiwa kwamba madeni ya uhamisho yangekwisha kabla ya bajeti. Bajeti imesomwa na kupitishwa. Nilipofuatilia kwa mhasibu, nilijibiwa kuwa mume wangu ni askari, si mwalimu.

Kweli kabisa. Mwalimu ana chama cha kumsemea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayowapa wafanyakazi haki ya kuunda vyama na kujadiliana na mwajiri kwa pamoja, imewaweka kando polisi, wanajeshi na askari magereza. Kila Mei Mosi mume wangu husimama juani kulinda maandamano ya wenzake wanaodai nyongeza, kisha hurudi nyumbani kusikiliza redioni amepangiwa nini.

Naielewa hofu ya mgomo. Polisi wa London waligoma mwaka 1918. Mwaka uliofuata Uingereza ikapiga marufuku chama chao na migomo, lakini sheria hiyohiyo ikaunda shirikisho la kuwasemea, na mishahara ikapandishwa. Afrika Kusini polisi hawagomi kisheria, ila wana vyama, POPCRU, chama cha polisi na askari magereza, kikiwemo tangu 1989, na baraza la majadiliano ambako posho huafikiwa kwa maandishi. Mkataba Na. 87 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1948 umeiachia kila nchi iamue kuhusu polisi wake, kwa hiyo hakuna wa kusingiziwa nje ya mipaka yetu. Na kama mnahofia yanayolaumiwa Marekani, ambako mikataba ya vyama huwakinga askari wakorofi, basi nidhamu ibaki kwenu, tuzungumzie mshahara, posho, nyumba na pensheni.

Naomba chombo cha kuzungumzia hayo tu, hata kisicho na haki ya mgomo. Ila kabla ya chombo, Mheshimiwa, naomba posho ya uhamisho ilipwe, maana mkopeshaji anakuja Ijumaa.

Mke wa askari,
Dar es Salaam