Ile chupa ya mafuta ya samaki

Bukavu, Jumapili jioni

Mwanangu,

Karatasi uliyoniachia chini ya sahani nimeisoma. "Baba, ile mafuta ya samaki ilikuwa ya kutibu nini?" Najua maneno mengi ya mdomo yanakuchosha, na mimi nikianza kusema sinyamazi, kwa hiyo nakuandikia. Unapenda jibu litangulie: nilidhani inatibu usonji wako, ile hali ya ubongo madaktari wanayoiita autisme. Haiutibu.

Ulikuwa na miaka sita. Ulikuwa unakula vitu vitatu tu: wali mweupe, mkate, na ndizi isiyo na doa. Usiku hulali. Jenereta ya jirani ikiwaka, unagonga kichwa ukutani, mpaka mama yako akazoea kukaa na mto mkononi. Shangazi zako walisema ni pepo. Tulikupeleka kwenye maombi mara mbili, na kelele za kule zikakuumiza kuliko jenereta. Ndipo mtu akaniambia: huyu mtoto amepungukiwa mafuta kwenye ubongo. Mimi ni mwalimu wa kemia. Kwa maneno ya namna hiyo nakamatika upesi.

Maana jambo lenyewe si upuuzi. Ukiondoa maji kwenye ubongo, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni mafuta. Humo kuna DHA, asidi ya mafuta ya jamii ya omega-3, mnyororo wa kaboni 22 wenye vifungo maradufu 6. Vifungo hivyo huufanya utando wa seli uwe mlaini, na palepale ndipo oksijeni hupata pa kuuma. Unawajua sambaza, wale dagaa wetu wa ziwa Kivu, waliokaa sana kwenye gunia, wale unaowakataa kabla hata hawajafika mezani? Rangi ya kutu, harufu ya kukwaruza koo. Ni mafuta yao yameliwa na oksijeni. Sasa ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Mwili una walinzi wake, glutathioni na vitamini E miongoni mwao. Wakizidiwa, hali hiyo huitwa msongo wa oksidi. Na kweli, tafiti kadhaa zimekuta glutathioni na DHA zikiwa chini kwenye damu ya watoto wenye usonji kuliko kwa wenzao.

Hapo nikaacha kusoma. Nilikuwa nimepata nilichokitafuta.

Chupa ilikula sehemu ya minervali, ile karo ya shule, ya dada yako. Niliinunua kwenye farmasi moja ya mjini, ilikuwa imepangwa dirishani, jua linaipiga. Nilipoifungua ilinuka kama wale sambaza wa gunia. Mimi, ninayewaandikia watoto wa watu ubaoni kwamba mwanga na joto huharakisha kuoza kwa mafuta, nikakubana pua na kukunywesha kijiko. Siku ya nne ulitapika kwenye shati langu la kazi, na mama yako akaimwaga chupa chooni bila kuniuliza.

Ndipo nikasoma yaliyobaki. Mwaka 2007, kule Vienna, watoto 13 wenye usonji walifuatiliwa kwa majuma 6, kwa gramu 1.5 za omega-3 kwa siku. Waliopewa mafuta walionekana kupunguza kuhangaika kidogo, lakini watoto 13 hawajazi hata benchi tatu za darasa langu. Mwaka 2011 wataalamu waliochambua majaribio yaliyokuwepo walisema ushahidi hautoshi. Mwaka 2015, Kanada, watoto 38, miezi 6: waliokunywa mafuta ya samaki hawakupata nafuu kuliko wale waliopewa ya kuigiza yasiyo na dawa, na ghasia zilielekea kuzidi kwa waliokunywa ya kweli. Na kuna swali ambalo hata mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu angeuliza: mtoto anayekula wali, mkate na ndizi, DHA ataitoa wapi? Huenda damu ya watoto wale ilikuwa inatueleza habari za sahani zao tu.

Kilichokusaidia hakikuwa na kemia nyingi. Muuguzi mmoja mama aliuliza: huyu anaenda choo mara ngapi? Tukatazamana, mimi na mama yako. Kumbe tumbo lilikuwa limefunga siku nyingi, linakuuma, na huna neno la kulisemea. Maji, papai, dawa kidogo, ukaanza kulala. Jirani niliongea naye, akahamisha jenereta nyuma ya ukuta wake (bia mbili zilisaidia). Fundi seremala akaniuzia vile vifunika masikio vyake, ambavyo hadi leo huvivui ukienda sokoni Kadutu.

Na samaki ulimchagua mwenyewe, ukiwa na miaka tisa, kwa sababu sambaza aliyekaangwa akakauka hulia "krap" unapomuuma. Mafuta mazuri yamo humohumo, sikatai, ila ni chakula kama chakula kingine. Siku hizi ndiye unayenifundisha kwamba walitolewa ziwa Tanganyika wakapandwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na unanisahihisha nikikosea.

Kesho mama yako atapitia sokoni mapema kununua wabichi. Usianze kuwapanga kwa urefu kabla hajawaosha. Juzi alikanyaga foleni nzima.

Baba yako