Barua ya kwenda Sheffield kabla winta haijaingia

Leeds, katikati ya Oktoba

Kaka, salaam nyingi,

Barua yako nimeipata. Baiskeli ya barabarani umeshanunua, njia za Sheffield umeshaanza kuzizoea, na sasa kila mtu kazini anakwambia uitie stoo mpaka Aprili. Usiitie. Watu wanakutisha na baridi, na baridi ndiyo shida ndogo kuliko zote. Kinachowashinda waendesha baiskeli wa huku ni maji: ya barabarani, yenye chumvi, ya jasho lako mwenyewe chini ya koti, na yale yaliyoganda pale usipoyatarajia. Ukiyamudu hayo, nyuzi 3 za asubuhi utaziona za kawaida.

Kwa hiyo pesa ya kwanza itoe kwenye madigadi, kabla hujanunua koti wala glavu. Nunua yale marefu yanayofungwa kwa skrubu, achana na vile vya plastiki vya kubandika chini ya kiti. Mvua ya hapa ni manyunyu tu mara nyingi, kinachokulowesha ni gurudumu la nyuma linalorusha maji ya barabara mgongoni, na la mbele linaloyarusha miguuni. Kwa tairi la milimita 28 tafuta madigadi yenye upana wa milimita 35 hivi, na uache nafasi ya milimita 5 kati ya raba na plastiki, la sivyo majani makavu na matope yatajikusanya humo mpaka gurudumu lianze kukwaruza. Ncha ya chini ya lile la mbele iongezee kipande cha raba kinachokaribia kugusa lami, maana bila hicho viatu vinalowa ndani ya dakika 20. La nyuma nalo liwekee kipande. Ukienda kuendesha na klabu, aliye nyuma yako ndiye atakayekunywa maji ya gurudumu lako, na Waingereza hawatakwambia kitu, watakukalia mbali tu. Skrubu zake hulegea kwa mtikisiko, kwa hiyo zitie gundi ya skrubu na uzikague kila Jumapili.

Tairi zenyewe, 28 zinatosha kama fremu inazipokea. Kwa mtu wa kilo 70, upepo wa psi 60 (kipimo cha presha) mbele na 65 nyuma ni mwanzo mzuri, na siku ya mvua punguza 3 hadi 5. Pancha zitaongezeka, jiandae. Kipande cha chupa kikiwa kimelowa kinapenya raba kirahisi kuliko kikavu, na mvua inasukumia takataka zote pembeni, pale pale unapotaka kupita. Halafu kuna miiba. Wakulima wa Uingereza hawaruhusiwi kukata ua wa mashamba tangu Machi 1 hadi Agosti 31, kwa hiyo kazi hiyo inaangukia miezi hii. Ukiona trekta linakata ua, au vijiti vibichi vimetapakaa njiani, shuka uinyanyue baiskeli. Mwiba wa huko ni mfupi na mgumu, na huvunjika ukabaki ndani ya tairi.

Hapo ndipo wengi wanapopata pancha ya pili dakika tano baada ya kuziba ya kwanza. Kabla hujatia tyubu mpya, lipulizie upepo lile lililotoboka, sikiliza linapovuja, kisha lilinganishe na tairi ukianzia kwenye vali. Ndiyo maana mafundi hupanga maandishi ya tairi yakae sawa na vali, ili tundu la tyubu likuonyeshe mahali pa mwiba. Papase ndani taratibu kwa ncha za vidole, ung'oe kilichobaki. Beba tyubu mbili, vijiti viwili vya plastiki vya kutolea tairi, pampu, na jozi ya glavu za mpira kama za manesi. Hizo zinakinga mikono na uchafu, na ukizivaa chini ya glavu za kawaida wakati wa kurudi zinazuia upepo. Kama unatumia kile kichupa cha gesi cha gramu 16, ukifika nyumbani ongeza upepo wa kawaida, kwa sababu gesi ile hupenya ukuta wa tyubu haraka kuliko hewa.

Sasa chumvi. Magari ya halmashauri yatapita usiku yakimwaga chumvi ya mawe kwenye barabara kubwa, kwa kuwa maji ya chumvi huganda kwenye baridi kali zaidi kuliko maji matupu. Yanatusaidia tusianguke, na yanaila baiskeli. Siku umepita penye chumvi, ioshe siku hiyo hiyo hata kama umechoka. Ndoo moja ya maji yenye sabuni kidogo, sponji, ndoo ya pili ya kusuuzia. Dakika kumi zinatosha. Usipeleke mashine ya maji ya presha kwenye beringi za magurudumu, za usukani wala za ekseli ya pedeli, kwani utasukuma grisi itoke na chumvi iingie.

Cheni ifute kwa kitambaa mpaka kisitoke tena na weusi, iache ikauke, halafu tia mafuta ya cheni yaliyotengenezwa kwa hali ya unyevu, tone moja kwa kila pingili, upande wa ndani. Zungusha pedeli kinyumenyume kama dakika moja yapate kuzama, kisha futa tena nje yote. Hatua hii ya mwisho watu wanairuka. Mafuta yanayofanya kazi ni yale yaliyo ndani ya pingili. Yaliyobaki nje yanakamata mchanga, na mchanga na mafuta vikichanganyika ni msasa. Nunua na kile kipimo cha cheni. Kwa gia za nyuma 11 au 12, badilisha cheni ikiwa imerefuka asilimia 0.5, na kwa chache zaidi ngoja 0.75. Ukichelewa, cheni iliyorefuka inachonga meno ya gia, na siku utakayofunga cheni mpya itaruka ukikanyaga kwa nguvu mlimani.

Baiskeli yako umesema ina breki za diski. Uliza dukani pedi za chuma zilizochomwa kwa joto, kwa sababu zile laini huisha upesi sana kwenye maji na mchanga. Unene wa sehemu ya pedi inayoshika diski ukibaki milimita 0.5 badilisha. Na usipulizie mafuta ya kopo popote karibu na diski. Ukungu wake ukigusa pedi, breki italia kama mbuzi wa Idi na haitashika. Diski utaisafisha kwa spiriti, lakini pedi iliyonywa mafuta itupe. Wenye breki za kubana ringi kazi yao ni nyingine: kuchomoa vipande vya chuma kwenye raba kwa sindano kila wiki, maana vinachonga ringi.

Kwenye mavazi kosa kubwa la watu wa kwetu ni kuvaa mengi mno, na hasa Sheffield. Unatoka mjini unapanda Ringinglow kwa nusu saa, unalowa jasho, kisha unashuka kuelekea Hathersage hukanyagi hata mara moja, na lile jasho linageuka friji. Hesabu ya upepo iko hivi: nyuzi 3 ukiwa kilomita 30 kwa saa, ngozi inahisi kama hasi 2 au hasi 3. Kwa hiyo ukitoka mlangoni uhisi baridi kidogo. Ukiwa umestarehe pale nje, umevaa kupita kiasi. Ndani vaa fulana nyembamba ya sufu, kamwe isiwe ya pamba, juu yake jezi ya mikono mirefu, kisha koti jembamba la kuzuia upepo. Fungua zipu kabla jasho halijatoka, uifunge mita mia kabla ya kilele. Gazeti chini ya koti wakati wa kushuka ni ujanja wa wakongwe, na bado linafanya kazi.

Miguu itakusumbua kuliko mikono. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana ni mbaya kuliko soksi moja, kwa sababu unakata damu. Chukua kiatu kikubwa nusu saizi, soksi moja nene, na kifuniko cha kiatu juu. Kisha geuza kiatu utazame soli: pale kinapofungwa kile chuma cha kunasa pedeli pana matundu yanayoingiza maji na baridi moja kwa moja. Toa soli ya ndani, ziba kwa utepe wa gundi, rudisha.

Barafu ndiyo pekee ya kuogopa kweli. Kipimajoto kinapima hewa, ilhali lami, baada ya usiku usio na mawingu, inaweza kuwa chini ya sifuri huku simu inakwambia nyuzi 2. Barafu inakaa kwenye vivuli vya kuta za mawe, juu ya madaraja, na mahali maji ya shamba yanapokatisha barabara. Chini ya nyuzi 3 asubuhi, ama subiri saa nne, ama baki barabara kubwa zilizomwagiwa chumvi, ama fanya mazoezi ndani. Ukijikuta juu yake, usishike breki, usikate kona, acha kukanyaga na uiache baiskeli ipite imenyooka. Snake Pass, ile A57 ya kwenda Glossop, theluji ikizidi huwa inafungwa, usiipangie Januari. Kwa safari ndefu elekea mashariki, njia za Worksop na Clumber Park: ni chini zaidi na milima ni michache.

Na hapo mjini kuna reli za Supertram, zile treni za mjini zinazopita barabarani. Ule mfereji wa reli unameza tairi la 28 lote, na ukilowa chuma chake kinateleza kama sabuni. Zikate kwa pembe inayokaribia mraba. Ikibidi, tazama nyuma, toa mkono, jipanue barabarani kwanza, kisha vuka umenyooka bila breki. Vifuniko vya chuma, rangi nyeupe za barabarani na majani yaliyooza vichukulie hivyo hivyo.

Giza nalo. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na katikati ya Desemba jua litakuwa linazama saa kumi kasoro dakika kumi na kuchomoza saa mbili na robo. Ile saa kumi na mbili ya Arusha isahau. Sheria inataka taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma tangu jua linapozama, pamoja na reflekta nyekundu nyuma, na kwa baiskeli zilizotengenezwa baada ya Oktoba 1, 1985, reflekta za rangi ya machungwa kwenye pedeli. Pedeli nyingi za kunasa kiatu hazina hizo, basi jua hivyo. Helmeti si lazima kisheria, ila ivae. Nyuma weka taa mbili, kwa sababu betri huishiwa mapema kwenye baridi na taa ya nyuma ikizimika huioni. Ya mbele iinamishe kidogo, usiwachome macho wanaokuja.

Kuhusu mazoezi yenyewe, usijaze wiki. Siku mbili ndani kwenye mashine ya mazoezi, za saa moja, na safari moja ya saa tatu Jumamosi zinatosha mpaka Februari. Anza kwa jaribio: pasha misuli dakika 20, kisha endesha dakika 20 kwa nguvu yote unayoweza kuigawa sawasawa, chukua wastani wa wati (kipimo cha nguvu unayokanyagia), zidisha kwa 0.95. Ukipata 220, kiwango chako, yaani nguvu unayoweza kuihimili kwa saa moja hivi, ni 209. Siku za ndani fanya dakika 12 mara tatu kwenye asilimia 88 hadi 94 ya kiwango hicho, yaani wati 184 hadi 196, ukipumzika dakika 5 katikati. Ongeza taratibu mpaka dakika 20 mara mbili. Wiki tatu unapanda, ya nne unapunguza. Jumamosi ibaki polepole, wati 117 hadi 157, unaweza kuongea sentensi nzima. Watu wanaharibu hapo: siku nyepesi wanaifanya nzito kidogo, kisha siku nzito miguu haipo, na winta nzima inapita wote wako katikati.

Ndani, feni ni lazima, na iwe kubwa. Bila upepo mapigo ya moyo yanapanda huku wati zile zile, na unadhani umechoka kumbe mwili umepata joto mno. Kunywa nusu lita hadi robo tatu kwa saa. Tandika taulo juu ya fremu, maana jasho ni chumvi ile ile ya barabarani, na linakula boliti za usukani na beringi zake usizoziona. Kama unaishi ghorofani, weka zulia nene chini ya mashine, jirani wa chini anasikia mtikisiko kuliko kelele.

Kwenye safari ndefu kula gramu 60 za wanga kwa saa. Tende kubwa tatu zinakupeleka karibu kabisa, na hazigandi kama zile biskuti za dukani zinazohitaji meno ya fisi. Kiu huisikii kwenye baridi, kwa hiyo jaza chupa chai ya tangawizi vuguvugu, utainywa. Mkahawani usizidi dakika 20, na koti livue ukiwa ndani. Na vitamini D: huduma ya afya ya hapa inashauri mikrogramu 10 kwa siku kipindi cha baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kuimeza mwaka mzima.

La mwisho, wikiendi hii, kabla magari ya chumvi hayajatoka. Legeza bomba la kiti, weka alama ya urefu kwa utepe, lichomoe, lifute, ulipake kabla ya kulirudisha: grisi kama ni la alumini, ile pasti maalumu yenye chembechembe kama ni la kaboni. Chumvi ikiingia kati ya metali mbili tofauti zinashikana, na Machi hutalitoa. Likiwa limeshashikana tayari, usilipige nyundo, niandikie kwanza.

Msalimie shemeji na watoto.

Ndugu yako wa Leeds